14 Henrietta Street, Dublin: Jumba la mabwana lililogeuzwa vyumba vya kupanga

Majumba mengi ya kale yaliyogeuzwa makumbusho huko Ulaya humwonyesha mgeni meza za matajiri, vinara vyao vya taa na picha za wazee wao. Jumba nambari 14 la Henrietta Street, kaskazini mwa mto Liffey jijini Dublin, linakwenda mbele zaidi. Linaeleza kilichotokea baada ya matajiri hao kufungasha virago: jinsi vyumba walivyopokelea wageni vilivyokatwakatwa na kupangishwa kwa familia za vibarua na mafundi, na jinsi watu wapatao 100 walivyokuja kuishi chini ya paa lililojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake. Kwa anayetaka kuelewa msongamano katika mitaa ya wafanyakazi mwanzoni mwa karne ya 20 ulitokana na nini, sijaona mahali panapolieleza jambo hili waziwazi kuliko hapa, kwa kuwa hapa nyumba yenyewe ndiyo shahidi.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 2018, baada ya halmashauri ya jiji kulichukua jumba lililokuwa limechakaa na kulikarabati kwa miaka mingi. Mgeni hazunguki peke yake. Ziara huongozwa, makundi ni madogo, na huchukua zaidi ya saa moja. Nauona utaratibu huo kuwa wa busara, kwa sababu vyumba kadhaa vimeachwa karibu vitupu, na mtu asiye na wa kumweleza angepita akitazama kuta na dari tu. Mwongozaji wetu, mtu wa Dublin mwenye sauti ya taratibu, alisimama katikati ya chumba akatueleza kitanda kilikaa wapi, meko ilikuwa upande gani, nguo zilianikwa wapi siku za mvua, na mtoto mchanga alilazwa wapi. Hakuharakisha, na kila aliyeuliza swali alijibiwa.

Ziara huanzia kwenye fahari. Jumba lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1740 na Luke Gardiner, mjenzi na mwekezaji aliyeupa upande huo wa jiji sura yake, na mkazi wake wa kwanza alikuwa Lord Molesworth na mkewe. Vyumba vya orofa ya kwanza ni vikubwa, dari ziko juu sana, na madirisha ni marefu kiasi cha kumwangaza kila aliyemo. Nilikaa nikiitazama dari, nikajiuliza chumba kama hicho kingehitaji mkaa wa mawe kiasi gani ili kipate joto mwezi wa Januari. Swali hilo linaonekana dogo ukilitazama kwa jicho la bwana mwenye watumishi wa kukoka moto. Miaka 150 baadaye, kwa mama aliyenunua mkaa kidogo kidogo kadiri ya mkono ulivyopata, lilikuwa swali la afya ya watoto wake.

Baada ya sheria za mwaka 1800 kuliondoa bunge la Ireland na kuhamishia mamlaka yote London, wenye vyeo na fedha walilifuata bunge. Henrietta Street ikabaki na mawakili, mahakama na askari. Kwa miaka kadhaa nambari 14 ilikuwa mahakama iliyoshughulikia uuzaji wa mashamba ya wamiliki waliofilisika baada ya Njaa Kuu ya Ireland ya miaka ya 1840, baa lililowafanya watu wengi wakimbie vijijini. Wengi walivuka bahari, lakini maelfu waliingia Dublin wakitafuta pa kulala, na wenye majumba wakaona mlango wa biashara umefunguka.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayemwona kuwa mhusika mkuu wa hadithi hii kuliko Lord Molesworth. Mwaka 1876 Thomas Vance alilinunua jumba na kuligawa katika makazi 19 ya chumba kimoja, vitatu au vinne. Mwaka uliofuata tangazo lake lilitoka katika gazeti la Irish Times, likiwaalika wapangaji wenye heshima zao waje katika nyumba kubwa iliyopakwa rangi upya, yenye gesi, vyoo kwenye kila kituo cha ngazi, maji ya bomba kutoka bwawa la Vartry nje ya jiji, uwanja wa kuanikia nguo, na jiko lenye tanuri kwa kila mpangaji. Ukilisoma leo unaona kwamba si tangazo la mtu anayejenga mtaa wa mabanda. Kwa viwango vya wakati ule lilikuwa toleo zuri, na huenda wapangaji wa kwanza walifurahi kulipata. Nyumba iliharibika kadiri miaka ilivyopita na familia zilivyoongezeka, vyumba vikigawanywa tena na tena kwa kuta za mbao, ilhali vyoo na mabomba yalibaki yale yale. Hesabu ya mwenye nyumba ilikuwa nyepesi: kila chumba kikigawanywa, kodi inaongezeka, na hakuna gharama nyingine inayoongezeka. Mfumo huo haukuhitaji mtu mwenye roho mbaya ili uendelee kufanya kazi.

Kufikia sensa ya mwaka 1911, nambari 14 ilikuwa na watu wapatao 100, na mtaa mzima, ambao ni mfupi kiasi kwamba unasimama mwanzoni ukauona mwisho wake, ulikuwa na zaidi ya 800. Waliomo hawakuwa watu wasio na kazi. Sensa inawataja mafundi wa kung'arisha samani, watengeneza kofia, washonaji na wajalidi wa vitabu, na baadhi yao huenda walifanyia kazi mumo humo, katikati ya vitanda.

Ninamshauri kila anayekusudia kwenda aanze kwa kuzitafuta fomu za sensa hiyo, ambazo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland imeziweka mtandaoni bila malipo. Kila familia ilijaza karatasi yake kwa usiku wa Jumapili, tarehe 2 Aprili 1911, na karatasi hizo zilikusanywa na polisi. Kuna safu ya dini, safu ya kujua kusoma na kuandika, safu ya kazi, na safu ya mahali mtu alipozaliwa. Kisha kuna safu tatu zilizohusu wanawake walioolewa: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai katika ndoa hiyo, na watoto ambao bado wako hai. Takwimu za afya za Dublin ya wakati ule zilikuwa mbaya, na kiwango chake cha vifo kilikuwa miongoni mwa vile vya juu kabisa Ulaya, kifua kikuu na kuhara kwa watoto vikiwa mbele. Lakini hakuna jedwali linaloweza kukufikishia jambo hilo kama safu mbili za mwisho zilizoandikwa kwa wino wa mkono wa mtu, pengine wa baba mwenyewe: waliozaliwa, walio hai. Unatoa ya pili katika ya kwanza, halafu unaiangalia idadi ya vyumba ambayo karani ameiandika kwenye fomu nyingine kwa familia hiyo hiyo, na mara nyingi ni kimoja. Ukiingia katika jumba lile ukiwa umeshazisoma karatasi hizo, ziara yote inabadilika.

Jambo la pili lililonishika lilikuwa korido na ngazi. Kuta za sehemu hizo za nyumba ya kupanga zilipakwa nyekundu ya udongo kwa chini na buluu kwa juu, na buluu hiyo ilitokana na Reckitt's Blue, ile buluu ya kufulia ambayo mama zetu walisuuzia mashuka na kanzu. Waliolelewa humo wanazikumbuka rangi hizo mbili kuliko kitu kingine, na makumbusho yamefanya vyema kuzirejesha zikiwa na chubuko zake, bila kuzing'arisha. Korido ile haikuwa ya mtu. Ilikuwa njia ya ndoo za maji zinazopanda na ndoo za uchafu zinazoshuka, mahali pa watoto kucheza mvua ikinyesha, mahali pa majirani kusimama na kuzungumza, na mahali pa giza ambapo binti hakupenda kupita peke yake usiku. Choo cha uani na bomba lake vilitumiwa na kila mtu. Msomaji aliyekulia katika chumba cha kupanga Kariakoo au Majengo hahitaji kuelezwa maana ya foleni ya choo alfajiri, au namna ugomvi unavyoweza kuanza kwa sababu ya zamu ya kufagia uwanja. Kwa jirani yangu katika kundi, mzungu aliyeonekana kulelewa katika nyumba yenye bustani, mambo hayo yalihitaji kufafanuliwa, na mwongozaji aliyafafanua bila kuwafanya wapangaji wale waonekane wachafu.

Nimelitaja hilo kwa sababu ndilo jaribio kubwa la makumbusho ya aina hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo mabwana wengi waliokuwa wakiingia katika nyumba hizi na daftari mkononi, wakatoka wakiandika juu ya harufu, ulevi na tabia mbovu za maskini, kana kwamba watu wanane hujazana katika chumba kimoja kwa kupenda. Makumbusho haya yamekusanya kumbukumbu za waliowahi kuishi humo na za watoto wao, na chumba cha mwisho kabisa katika ziara, kilichopangwa upya kufuata kumbukumbu hizo, kinaonyesha bidii ya mtu aliyetaka kuishi kwa heshima: picha za kidini ukutani, vyombo vilivyopangwa, sakafu iliyotandikwa kwa linoliamu. Chumba hicho ni cha miaka ya baadaye, hali ikiwa imepungua ukali, na mgeni asichanganye nyakati hizo mbili. Mwaka 1911 ulikuwa mgumu zaidi.

Ugumu huo haukuwa wa mtaa mmoja. Serikali ilipofanya uchunguzi mwishoni mwa mwaka 1913 na kutoa ripoti mwaka 1914, ilionekana kwamba Dublin ilikuwa na nyumba 5,322 za namna hii zenye familia 25,822, yaani watu 87,305, zaidi ya robo ya wakazi wote wa jiji. Familia 20,108 kati ya hizo ziliishi katika chumba kimoja. Ripoti ilizigawa nyumba katika madaraja matatu, na daraja la tatu lilikuwa la zile zisizofaa kukaliwa na binadamu wala kutengenezeka. Humo walikuwamo watu 22,701. Uchunguzi huo ulibaini pia kwamba baadhi ya wajumbe wa baraza la jiji, ambao kazi yao ilikuwa kusimamia afya ya wakazi, walikuwa wenyewe wamiliki wa nyumba za kupangisha, na wengine walikuwa wakipata nafuu ya kodi ya manispaa kwa nyumba zilizo katika hali mbaya. Ukisikia mtu akisema jiji halikujua, mkumbushe hilo.

Sababu zake zinaeleweka. Dublin haikuwa na viwanda vingi kama Belfast au Manchester. Ilikuwa na bandari, pombe ya Guinness, biskuti za Jacob's, na kundi kubwa la wanaume walioamka asubuhi bila kujua kama watapata kibarua. Kibarua asiye na ufundi alipata takribani shilingi 18 kwa wiki pale alipobahatika kufanya kazi wiki nzima, na chumba kimoja kilimgharimu shilingi 2 au 3. Walikuwapo waliojenga nyumba bora, kama vile Iveagh Trust na kampuni ya Dublin Artisans' Dwellings, lakini kodi zao mara nyingi zilimfaa fundi mwenye mshahara wa uhakika, si mbeba mizigo wa bandarini. Isitoshe, mwenye kazi ya kutwa alilazimika kukaa karibu na anakoitiwa kazi. Wenye uwezo walikuwa wamehamia vitongoji kama Rathmines na Pembroke, nje ya mipaka ya jiji, wakiondoka na kodi zao za manispaa, hivyo jiji likabaki na wagonjwa wengi na hazina ndogo.

Kilichofanya uchunguzi ule usiepukike ni ajali. Jioni ya tarehe 2 Septemba 1913, nyumba mbili za vyumba vya kupanga katika Church Street, si mbali na Henrietta Street, ziliporomoka na kuua watu 7. Mmoja wao alikuwa Eugene Salmon, kijana wa miaka 17, aliyewatoa wadogo zake kisha akafa akijaribu kumwokoa dada yake mdogo. Siku hizo waajiri walikuwa wamewafungia nje ya kazi wanachama wa chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na James Larkin, na Eugene mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungiwa nje ya kiwanda cha Jacob's. Njaa na kuta mbovu zilikuwa zimewakuta watu walewale kwa wiki ileile.

Sasa niseme kuhusu kile ambacho ziara yoyote ya aina hii haiwezi kukupa. Huwezi kuwasikia watu 100. Unasimama katika chumba kisafi na watu wachache wenye makoti mazuri, hewa inapita, na hakuna anayekohoa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Wametumia filamu fupi na sauti katika baadhi ya vyumba, na zimefanywa kwa kiasi kinachofaa, bila kelele. Hata hivyo mgeni atalazimika kuifanya kazi iliyobaki kwa akili yake. Mimi nilifanya hivi: katika chumba kimoja nilichagua pembe, nikapima kwa macho nafasi ya kitanda kimoja cha watu wazima, meza, meko, ndoo ya maji, ndoo ya mkaa, kamba ya nguo, na godoro la watoto linalokunjwa mchana. Nikatafuta mahali ambapo maiti ingelazwa usiku wa matanga kabla ya kuzikwa, maana katika nyumba hizo maiti ililazwa mumo humo familia inamolala. Nafasi haikutosha hata kabla sijafika kwenye viti.

Mwisho wa ziara unahusu kuondoka, na ningetamani sehemu hii ipewe hata muda mrefu zaidi, kwa kuwa inatuhusu sisi tunaoishi katika miji inayobomoa na kuhamisha watu kila mwaka. Tangu miaka ya 1920 na hasa 1930, jiji lilijenga nyumba mpya Marino, Cabra na Crumlin, na Herbert Simms, msanifu wa nyumba wa jiji kuanzia miaka hiyo, alisimamia ujenzi wa maelfu ya makazi. Familia zilipata vyumba vya kulala kadhaa, choo chao wenyewe na bustani ndogo. Zilipata pia kodi kubwa zaidi, nauli ya kwenda kazini kila siku, na upweke ambao hazikuwahi kuujua, kwani bibi aliyewalea wajukuu na jirani aliyekopesha sukari walikuwa wamebaki mjini. Waliohama wengi hawakutaka kurudi, na ni haki yao. Lakini kumbukumbu zao zimechanganya shukrani na simanzi, na waongozaji hawakujaribu kuondoa simanzi ili hadithi iwe laini.

Wakazi wa mwisho wa nambari 14 waliondoka mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumba ikiwa imebaki na watu wachache katika sehemu zake za chini. Wapo Dublin leo watu wazima waliozaliwa humo.

Kwa anayekwenda: tiketi zikatwe mapema mtandaoni, kwa sababu makundi hujaa. Jumba liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka O'Connell Street, kupitia Bolton Street, na linatazamana na majumba mengine ya enzi ileile, hivyo inafaa kufika kabla ya saa ya ziara, ukatembea hadi mwisho wa mtaa ulipo mlango wa King's Inns, chuo cha mawakili. Vaa nguo ya joto hata wakati wa kiangazi. Watoto waliokwisha kujua kusoma watafaidika, hasa wakionyeshwa kwanza karatasi moja ya sensa ya 1911 na kuachiwa wahesabu wenyewe watu na vyumba. Anayeweza kubaki siku ya pili jijini aende Church Street.